Utendi ni nini hasa? Liyongo, kisima, na maiti iliyopiga magoti

Kipande cha Nne (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna swali limenikaa kooni wiki nzima. Kijana mmoja aliniuliza kama Iliad ya Wagiriki ni utendi au ni utenzi. Nikamjibu kwa kujiamini: "Kitu kimoja hicho. Wa kaskazini hutamka utendi, wa Unguja hutamka utenzi." Kilahaja sikukosea. Ila swali lake halikuwa la lahaja, na nilipokaa kulifikiria nikaona nimemlisha makapi.

Hebu someni ubeti huu, nimeutunga sasa hivi:

Ndoo yangu yavujisha
Maji yote yamekwisha
Fundi naye ajichosha
Gundi haijashikia

Hesabuni. Kila kipande mizani 8. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kimebeba kina cha bahari ambacho kitarudi mpaka ubeti wa mwisho. Nikikazana hivi hadi beti 500 nitakuwa nimetunga utenzi halali kabisa, wa ndoo. Lakini nani atauweka kando ya Gilgamesh wa Mesopotamia au Sundiata wa Mali?

Sasa geuzeni upande wa pili. Wanyanga wa mashariki mwa Kongo wana masimulizi ya Mwindo, mtoto aliyezaliwa anatembea na kuzungumza. Hayana mizani 8. Husimuliwa kwa maneno ya kawaida, mara msimulizi anaingiza wimbo, mara anacheza. Hata hivyo anayeyajua hawezi kuyanyima hadhi ya utendi.

Kwa hiyo bahari, yaani umbo la shairi, ni kitu kimoja na utanzu ni kitu kingine. Mwana Kupona alipomtungia binti yake wosia mwaka 1858 alitumia bahari ya utenzi, na kazi yake ni nzuri mno, lakini ni wosia. Hakuna vita mle, hakuna safari, hakuna mtu anayepambana na wafalme. Wapo wanaopendekeza neno *utenzi* libaki kwa umbo na *utendi* kwa ile tungo ndefu ya matendo makubwa. Katika uzi huu nitafuata hivyo ili tuelewane.

Swali linabaki: ni nini kinachoufanya utendi kuwa utendi?

Jibu la darasani tunalijua. Ni shairi refu, la kusimulia, linalohusu shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida, lenye mambo ya kihistoria au ya kivisakale. Si uongo. Ila ni sawa na kumweleza mtu tembo kwa kumtajia kilo zake.

Nitawaambia mimi nilipofikia, nanyi mnipige mawe. Kwangu utendi unaanza pale jamii inapomhitaji mtu na kumwogopa kwa wakati mmoja. Shujaa wa utendi si kielelezo cha kuigwa. Ni mzigo. Ni mtu aliyepewa zaidi ya kile watu wanachoweza kukihimili, na utendi ni hesabu ya gharama yake.

Mchukueni Fumo Liyongo. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utendi wake mwaka 1913, beti 232 tu, akikusanya masimulizi yaliyokuwa yakizunguka pwani ya kaskazini kwa karne kadhaa. Yule bwana ana kimo cha kutisha na nguvu za kutisha. Sultani wa Pate anamwogopea kiti chake. Wanamtega kwenye mkoma, mti wa jamii ya mtende: kila mtu apande kwa zamu aangushe makoma, na zamu ya Liyongo ikifika wamfume mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anachukua upinde na kuyaangusha makoma kwa mshale akiwa amesimama chini. Wanamfunga, anatoroka. Mwisho wanamnunua mwanawe.

Kijana anamuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Na hapa ndipo nywele hunisimama kila ninaposoma: Liyongo anatambua kwamba mwanawe amehadaiwa, na bado anamwambia. Sindano ya shaba, kitovuni.

Akichomwa, hafi kitandani. Anachukua upinde wake, anakwenda kisimani, anapiga goti, anautia mshale, na roho inamtoka akiwa amekaa hivyo. Mji mzima unamwona kwa mbali. Hakuna anayejua kama yu hai au amekufa. Hakuna anayethubutu kusogea. Na maji yako pale pale alipo.

Huo ndio utendi wote katika picha moja. Mtu aliyekuwa ngao ya watu sasa amekaa kati yao na maji yao. Hata maiti yake inawatawala.

Naomba kuwasilisha. Wenye elimu zaidi njooni.

---

Msomaji Mkimya

Naweka kambi hapa. Mkuu usituache njiani.

---

Ticha Mstaafu

Mleta uzi, nimekusoma, na umeandika vizuri. Nimefundisha fasihi miaka mingi, sitanyamaza.

Kwanza usiwadharau walimu. Ufafanuzi wa darasani haukuletwa ili kumaliza jambo, uliletwa ili mwanafunzi asichanganye utendi na rara, au utendi na kivugo. Rara nayo inasimulia, lakini ni fupi na imeshika tukio moja. Kivugo ni mtu anajisifu au anasifiwa: mimi ndiye fulani, niliyefanya hili na lile. Utendi unaweza kumeza vyote viwili, ukameza pia maombolezo, methali, nasaba na vitendawili. Urefu wake si urembo. Ni tumbo, lazima liwe kubwa kwa sababu linameza tanzu nyingine.

Pili, umechukua mfano mmoja unaokufaa ukajenga juu yake nyumba nzima. Liyongo ni mzigo kwa jamii, sawa. Je, wengine? Achilles wa Iliad naye ni mzigo? Odysseus wa Odyssey je? Huyo alirudi nyumbani kwa mkewe, mambo yakaisha.

---

Kipande cha Nne (mleta uzi)

Ticha, shikamoo. Hilo la tumbo nimelipenda, nitaliiba.

Tuanze na Achilles. Iliad ina mistari 15,693. Vita vya Troy vilichukua miaka 10, lakini utungo hausimulii vita vyote. Unashika siku chache za mwaka wa mwisho. Farasi wa mbao hayumo. Kifo cha Achilles hakimo. Hata ule udhaifu wa kisigino tunaouimba kila siku haumo mle, ulikuja na masimulizi mengine. Aristotle alimsifu Homer, mtunzi wa Iliad, kwa jambo hili hasa, kwamba hakujaribu kusimulia vita vizima.

Basi Homer alichagua nini? Neno la kwanza la Iliad kwa Kigiriki ni *hasira*. Na mistari ya mwanzo kabisa inasema hasira hiyo iliwaletea maumivu yasiyohesabika... nani? Wagiriki wenyewe. Watu wa upande wake! Shujaa anagombana na mkuu wake, anakaa hemani, na wenzake wanakufa kwa sababu yeye hayumo vitani. Jeshi haliwezi kushinda bila yeye wala haliwezi kuishi naye.

Rudini nyuma zaidi, kwa Gilgamesh, aliyeandikwa kwenye mabamba ya udongo huko Mesopotamia kabla ya Homer kuwapo. Kisa kinaanzaje? Watu wa Uruk wanawalilia miungu kwamba mfalme wao amewazidi, hawapumui. Miungu inamuumba Enkidu ili Gilgamesh apate wa kupimana naye, mji upumzike. Yaani masimulizi ya kishujaa yaliyo miongoni mwa ya kale kuliko yote tuliyo nayo kwa maandishi yanaanza na malalamiko ya wananchi dhidi ya shujaa.

Odysseus sasa. Unasema alirudi mambo yakaisha. Ticha, umesahau kitabu cha 24 cha Odyssey. Aliondoka na merikebu 12, akarudi peke yake. Kisha akaua vijana wa koo kubwa waliokuwa wakimposa mkewe. Baba wa mmoja wao anasimama mbele ya watu na kusema, kwa maana hii: huyu alichukua merikebu zetu na watu wetu akawapoteza, sasa amerudi na kuua waliobaki. Wanashika silaha. Mungu wa kike Athena ndiye anayewaamua. Bila yeye utungo ungeisha kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Huyo baba hana kosa katika hesabu zake.

---

Fundi Ndoo

Mimi nimekuja kwa ajili ya ile ndoo tu.

Kaza moyo wewe ndugu
Ndoo ziba kwa magugu
Usiogope vurugu
Maji yatajirudia

Bado beti 498. Tutafika.

---

Nyuzi za Nanga

Nyote mnazungumza kama watu waliokutana na utendi kwenye karatasi. Mmesahau mdomo.

Mwaka 1970 Ruth Finnegan, msomi aliyefanya kazi kubwa ya kuipa heshima fasihi simulizi ya Afrika, aliandika kwamba utendi ni kama haupo kusini mwa Sahara, isipokuwa tungo kama tenzi za Waswahili, ambazo nazo zimeandikwa na aliziona zinatokana na athari ya Kiarabu. Kauli hiyo ilizua mjadala wa miaka mingi. Kitabu cha Mwindo kilikuwa kimetoka mwaka mmoja tu kabla, 1969. Isidore Okpewho akajibu mwaka 1979 kwa kitabu kizima kuhusu utendi wa Afrika. Kwetu M. M. Mulokozi akaenda kwa waghani wa Kihaya wanaopiga nanga, ala ya nyuzi, akauliza waziwazi: hawa ni watunzi wa tendi au si watunzi wa tendi? Kitabu chake kuhusu mgogoro huo kilitoka mwaka 2002.

Tatizo lilikuwa kipimo. Waliutafuta utendi wakiwa wameshika Homer mkononi kama rula. Wakitaka mistari ya vipimo sawasawa, wakitaka utungo mmoja mrefu kutoka kuzaliwa mpaka kufa ulioganda mahali pamoja. Mghani anayesimulia kipande kimoja leo na kingine mwezi ujao, kwa mpangilio unaotegemea nani amekaa mbele yake, akaonekana hana utendi, ana vipandevipande.

Kichekesho ni kwamba Homer mwenyewe hakutoshea rula hiyo. Miaka ya 1930 mtafiti Milman Parry alikwenda Yugoslavia kuwasikiliza waimbaji wa tendi waliokuwa hai. Alimpata Avdo Međedović, mchinjaji asiyejua kusoma wala kuandika. Mwaka 1935 Avdo aliimba utungo mmoja wa mistari 12,311, karibu sawa na Odyssey nzima. Parry akamfanyia jaribio. Akamleta mwimbaji mwingine aimbe utendi ambao Avdo hakuwahi kuusikia. Ulikuwa na mistari 2,294. Ulipokwisha, akamwomba Avdo auimbe. Avdo akauimba hapo hapo, mistari 6,313. Hakukariri hata kidogo. Alikuwa na akiba ya mafungu ya maneno: jinsi farasi anavyotandikwa, jinsi baraza linavyoketi, jinsi barua inavyofika. Anachukua, anaunga, anapanua.

Ndiyo maana Achilles anaitwa "mwenye miguu myepesi" hata akiwa amekaa. Si uzembe. Ni pumzi ya mwimbaji anayetafuta mstari unaofuata huku watu wakimtazama.

Mwaka 1956 Candi Rureke alipowasimulia mtafiti Daniel Biebuyck na wenzake kisa cha Mwindo, alichukua siku 12, akisimulia, akiimba, akiigiza na kucheza. Ukisoma kitabu cha Mwindo leo unaona maneno tu. Jasho halimo.

Kwa hiyo mleta uzi, mimi nasema utendi ni tukio. Mzigo wako wa shujaa ni mali ya mada. Lakini utanzu huu unaishi kati ya mghani na kikao chake.

---

Mwanafunzi wa Kuchelewa

Wakubwa zangu shikamooni. Naomba kuuliza bila kuchekwa. Kama utendi ni mdomo, basi tenzi zetu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu zamani ni bandia? Na zile ambazo hazimhusu hata Mswahili mmoja?

---

Kipande cha Nne (mleta uzi)

Mwanafunzi, swali lako ni zito kuliko unavyodhani.

Angalia wanavyoanza. Homer anaanza kwa kumwomba mungu wa kike wa nyimbo amwimbie. Yeye ni mdomo tu, sauti inatoka kwingine. Tenzi zetu nyingi za kale huanza kwa jina la Mungu na kumswalia Mtume, halafu mtunzi anaagiza vifaa: nileteeni wino mzuri, karatasi na kalamu, nataka kuandika. Mwishoni anataja jina lake, mara nyingine mwaka, mara nyingine hesabu ya beti zake ili mnakili asipunguze. Huyo ni mtu anayejua kabisa kwamba anaacha waraka.

Lakini waraka huo haukuandikwa usomwe kimya kimya na mtu mmoja kitandani. Ulighaniwa kwa mahadhi, watu wamekaa. Kile kina cha nne kinachorudi na kurudi ni cha sikio, jicho halina haja nacho. Maneno kama "kwa yakini", "nisikiza", "nakwambia" yanayojaza kipande ni ndugu wa "mwenye miguu myepesi".

Kuhusu kutomhusu Mswahili: Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani na unaobeba mwaka wa 1728, una zaidi ya beti 1,000. Unahusu msafara wa Tabuk wa mwaka 630 dhidi ya Waroma wa Mashariki na mfalme wao Herakali. Ni karibu miaka 1,100 nyuma na maelfu ya kilomita mbali. Na kihistoria msafara ule uliisha bila mapigano makubwa! Kwenye utendi damu inamwagika kama mafuriko. Mtunzi hakuwa anaandika taarifa. Alikuwa anawapa watu wa Pate babu wa imani badala ya babu wa damu, na vita vinavyolingana na ukubwa wa babu hao. Virgil, mshairi wa Kiroma, naye aliwapa Waroma babu kutoka Troy, mji ulioanguka zamani sana, wala hakuna anayeuita utungo wake bandia kwa sababu hiyo.

Kwa Nyuzi za Nanga: nakubali. Nilisoma sana, nikasahau kusikiliza. Ila nina wasiwasi kidogo na hilo la "tukio". Hotuba ni tukio. Harusi ni tukio. Lazima kuwe na kitu kinachofanya tukio hili liitwe utendi, na bado nadhani ni yule mtu asiyebebeka.

---

Msomaji Mkimya

Nimetoka kambini kidogo kumpa Nyuzi za Nanga maua yake. Narudi.

---

Bi Tupa

Nimewasoma kina kaka wote kuanzia juu mpaka hapa. Mleta uzi, umesimulia Liyongo bila mama yake. Inakuwaje?

Umesema "wanamfunga, anatoroka". Anatoroka vipi? Kwa nguvu zake? Hapana. Yuko gerezani, anaimba, anampelekea mama yake ujumbe ndani ya wimbo kupitia kijakazi Saada, na walinzi wanasikia wasielewe. Mama anaoka mkate wa wishwa, ndani yake anatia tupa. Mikate mizuri walinzi wanaila wenyewe, huo wa wishwa wanaudharau na kumwachia mfungwa. Usiku wa ngoma, kelele zimepanda, jitu letu linakata minyororo kwa tupa ya mama. Hilo jina langu hapo juu si la bahati mbaya.

Nguvu zote za Liyongo hazikuvunja mnyororo. Akili ya mwanamke mmoja jikoni ndiyo iliyouvunja, tena kwa kujua kwamba walinzi ni walafi na wana majivuno.

Na si yeye peke yake. Sundiata hakutembea mpaka alipofika miaka saba. Alisimama siku gani? Siku mama yake Sogolon alipotukanwa na mke mwenzake kwa ajili ya majani ya mbuyu. Mtoto akashika chuma, akasimama, akaenda kuung'oa mbuyu mzima na kuutupa mlangoni kwa mama. Baadaye ili amshinde Soumaoro ilibidi ijulikane siri ya nguvu zake, ukucha wa jogoo mweupe, na siri hiyo ililetwa na dada yake aliyekuwa ameozwa kwa adui. Mwindo alipotupwa mtoni ndani ya ngoma na baba yake mzazi, ambaye hakutaka mtoto wa kiume kabisa, alikwenda kwa nani? Kwa shangazi yake Iyangura. Achilles anapolia ufukweni anayetoka baharini ni mama yake Thetis, na ndiye anayekwenda kwa Zeus kuomba Wagiriki wapigwe mpaka wamkumbuke mwanawe. Mzigo wako huo, mleta uzi, mwenye kuukabidhi kwa jamii ni mama.

Halafu angalia siri ya kifo inapokaa. Sindano ya shaba, ukucha wa jogoo. Daima ni kitu kidogo, cha nyumbani, na daima anayekijua ni mtu wa nyumbani. Jeshi halimuui shujaa wa utendi. Ukoo ndio unaomuua, au ndio unaomwokoa.

Ukitaka kuniambia utendi ni mgogoro wa mtu mkubwa na jamii, ongeza kwamba jamii hiyo ina mlango, na mlango wenyewe ni nyumba yake.

---

Fundi Ndoo

Dada amefunga mjadala kwa tupa. Mimi na ndoo yangu tunarudi nyuma ya darasa.

---

Ticha Mstaafu

Bi Tupa, nakuvulia kofia. Miaka yote nimefundisha kile kisa cha mkate kama "mbinu ya kutoroka". Sikukiona hivyo.

Lakini mleta uzi bado ana deni kwangu, na deni hili ni la nyumbani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi (Wajerumani) kutamalaki Mrima (pwani), mwaka 1307 wa Hijria, vita vya miaka ya 1888 na 1889 vikiwa vingali vibichi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga wa Maji Maji. Shaaban Robert akatunga utenzi wa vita vya uhuru vya 1939 hadi 1945, mrefu kupita kiasi. Humo nani ni mtu asiyebebeka? Hemedi anasimulia mji, majumbe, Wadachi, mizinga, hofu ya watu. Mashujaa wamo, lakini hakuna Liyongo mmoja anayeziba kisima. Unazitoa kwenye utendi? Ukizitoa, umekuwa Finnegan wa pili. Ukiziacha, ufafanuzi wako umepasuka kama ndoo ya huyo bwana.

---

Kipande cha Nne (mleta uzi)

Ticha, nimelala nalo hilo siku mbili.

Siwezi kuzitoa. Mtu anayesikia mizinga inapiga mji wake kisha anachukua bahari ile ile iliyobeba vita vya Herakali na kuitia vita vya jana, huyo anafanya jambo kubwa. Anasema: na sisi tunastahili kughaniwa hivi. Tumbo la Ticha limemeza habari za jana.

Ila naona tofauti moja. Kwenye Tambuka na Liyongo kuna umbali. Mambo yametokea zamani zile ambazo hakuna awezaye kuzirudia, watu walikuwa wakubwa kuliko sisi, na mghani anatazama juu. Hemedi hana umbali huo. Aliyokuwa akiyaandika, majeraha yake hayajafunga. Hawezi kutazama juu kwa sababu wanaokufa ni majirani. Ndiyo maana shujaa ametawanyika, amekuwa watu wengi wadogo mbele ya kitu kimoja kikubwa kisichobebeka, nacho ni dola ya kigeni yenye mizinga.

Kwa hiyo nasahihisha. Nilisema shujaa ndiye mzigo. Pengine nilitakiwa kusema kuna kitu kisichobebeka, na utendi ni jinsi watu wanavyokizunguka kwa maneno mpaka waweze kukaa nacho. Kwa Liyongo kitu hicho ni mtu wao wenyewe. Kwa Hemedi kimekuja na meli.

Najua Ticha atasema sasa nimepanua mpaka kila kitu kitaingia. Pengine. Ubeti wa ndoo hauingii, hilo nina hakika nalo.

---

Nyuzi za Nanga

Nakubaliana na masahihisho hayo, na niongeze kitu kuhusu Mwindo maana mmemwacha njiani. Baada ya kumshinda baba yake na kugawana naye utawala, Mwindo anaua joka. Joka lile lilikuwa rafiki wa Nkuba, Radi. Nkuba anamchukua mpaka mbinguni na kumweka huko mwaka mzima, anateswa kwa baridi, mvua na jua mpaka majivuno yamtoke. Anarudi akiwa na masharti ya jinsi ya kuishi na wanyama na watu. Wanyanga hawakumuua shujaa wao kama Waswahili walivyomuua Liyongo. Walimpeleka kufundishwa adabu kisha wakampa ufalme. Tatizo ni lile lile, majibu ni mawili.

---

Mwanafunzi wa Kuchelewa

Nimejifunza mengi kuliko muhula mzima. Swali la mwisho jamani: pale kisimani, nani hatimaye aligundua kwamba Liyongo amekufa?

---

Bi Tupa

Mdogo wangu, kwa siku kadhaa hakugundua mtu. Kiu ilipowazidi, wazee walikwenda kumwomba mama yake aje amtulize mwanawe, maana walidhani amekasirika. Akaenda. Naye hakusogea karibu, alimwogopa pia. Akasimama mbali na kumbembeleza kwa maneno mazuri, kama anavyobembelezwa mtoto aliyenuna, akimsihi awaache watu wachote maji. Akarudi. Kesho akaenda tena. Yule hajibu, macho yamekaa, mshale umekaa.

Mpaka siku mwili ulipoanguka wenyewe ndipo wakasogea, wakaiona sindano.

---

Kipande cha Nne (mleta uzi)

Siku zote hizo alikuwa anambembeleza maiti.

Nafungua kitabu tena kuanzia ubeti wa kwanza. Nimesoma utendi huu mara nyingi, na kila mara pale kisimani nilikuwa nikimtazama Liyongo tu.